Grzimek: Kamera Ukingoni mwa Ngorongoro

Mwezi Juni 1959 majumba ya sinema ya Ujerumani Magharibi yalianza kuonyesha filamu kuhusu nyanda za kaskazini mwa Tanganyika. Aliyeitengeneza alikuwa Bernhard Grzimek, daktari wa mifugo mwenye umri wa miaka 50 na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Jina la filamu hiyo lilikuwa tamko la kisiasa: Serengeti isife. Ndani yake lilikuwamo ombi kwa watawala wa Kiingereza kwamba wasiikate hifadhi ile vipande. Ombi hilo lilifika limechelewa. Tarehe 1 Julai, siku chache tu baada ya onyesho la kwanza, sheria mpya ilianza kazi Tanganyika. Mbuga za mashariki na nyanda za juu za Ngorongoro, kreta ikiwamo, zikatolewa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kufanywa eneo la pekee lenye kilometa za mraba zaidi ya 8,000, ambamo Wamaasai wangeendelea kuishi na kuchunga katikati ya wanyamapori.

Kwa hesabu za mwaka huo, Grzimek alishindwa. Lakini filamu yake iliendelea kutembea. Aprili 1960 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya matukio halisi, ikawa ya kwanza kutoka Ujerumani ya baada ya vita kupata heshima hiyo. Kitabu kilichoandamana nayo kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mipaka ilichorwa bila ridhaa yake, ila namna dunia ilivyoitazama ardhi iliyo ndani ya mipaka hiyo, kwa sehemu kubwa, aliichora yeye. Ndiyo sababu historia ya siasa za Ngorongoro haiwezi kuandikwa bila kumtaja mtu huyu aliyetumia nusu ya maisha yake kati ya kamera, studio ya televisheni na ofisi za mawaziri.

Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1909 huko Neisse, mji wa Silesia ambao leo uko Poland na unaitwa Nysa. Alisomea utabibu wa wanyama, akapata udaktari mwaka 1933, kisha akaingia serikalini kushughulikia mambo ya kuku na mayai. Huo ulikuwa utawala wa Wanazi. Nyaraka zinaonyesha kwamba alijiunga na chama chao mwaka 1937, jambo alilolikana. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt, ambayo mabomu yalikuwa yameigeuza kifusi na wanyama wake wengi walikuwa wamekufa. Miaka miwili baadaye Wamarekani waliokuwa wakitawala eneo hilo walimsimamisha kazi kwa sababu ya uanachama ule, halafu mwaka 1948 akarudishwa.

Namna alivyoifufua bustani hiyo inaeleza mengi kuhusu kazi zake za baadaye. Pesa hazikuwepo, na watu wa Frankfurt walikuwa na njaa. Grzimek aliingiza sarakasi, michezo ya jukwaani na mabembea ndani ya uzio wa bustani, watu wakalipa kiingilio ili wasahau shida zao kwa saa mbili, na fedha zile zikalisha wanyama. Tangu hapo alijua kwamba anayetaka kulinda kitu lazima kwanza akusanye watazamaji.

Mwezi Oktoba 1956 akaingia kwenye televisheni. Kipindi chake kilikuwa na mtindo mmoja usiobadilika: bwana mwenye suti na tai ameketi nyuma ya meza, anaongea kwa sauti ya pole inayotokea puani, na juu ya meza au begani mwake kuna mnyama hai, pengine mtoto wa duma, pengine nyani. Mnyama angeweza kurukia karatasi zake, kumvuta nywele au kukojolea meza, naye angeendelea na habari yake bila kushtuka. Mwishoni angeomba mchango kwa ajili ya hifadhi na kutaja akaunti ya benki. Kipindi hicho kilidumu hadi mwaka wa kifo chake, zaidi ya miaka 30. Wanasiasa wa Bonn walitambua mapema kwamba jambo lolote atakalolisema mtu yule jioni, asubuhi yake litakuwa mezani kwao.

Mwaka huohuo wa 1956 yeye na mwanawe Michael walitoa filamu yao ya kwanza kubwa, iliyopigwa Kongo, iliyolalamika kwamba Afrika imekosa nafasi kwa wanyama wa porini. Ilishinda kwenye tamasha la Berlin na kuingiza fedha nyingi kuliko walivyotarajia. Baba na mwana wakaamua fedha hizo zirudi Afrika. Waliwaandikia wakuu wa hifadhi za Tanganyika wakisema wako tayari kununua ardhi ya kupanua Serengeti. Kanali Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za taifa wakati huo, akawapa wazo jingine: kabla ya kununua ardhi, mtusaidie kujua wanyama ni wangapi na wanahamia wapi.

Ushauri huo ulikuwa na sababu nzito. Serengeti ilikuwa kwenye mgogoro mkali. Mipaka ya hifadhi iliyoanza kusimamiwa rasmi mwaka 1951 ilijumuisha nyanda za Ngorongoro, na Wamaasai waliahidiwa kwamba haki zao humo hazitaguswa. Baadaye masharti yakaanza kubana, kilimo kikakatazwa, na wafugaji wakaona ahadi ile inayeyuka. Mwaka 1956 serikali ilitoa mapendekezo ya kuikata hifadhi vipande vitatu na kuwaachia wafugaji sehemu kubwa iliyobaki. Vyama vya wapenda wanyama vya Uingereza na Marekani vikapiga kelele. Profesa W. H. Pearsall, mtaalamu wa mimea, akatumwa kuchunguza, na mwaka 1957 ikaundwa kamati iliyoongozwa na Sir Barclay Nihill. Katika malumbano hayo yote kila upande ulizungumzia njia za nyumbu bila mtu yeyote kuwa amewahesabu.

Hapo ndipo ndege ikaingia. Ilikuwa Dornier Do 27, ndege ndogo yenye injini moja inayoweza kutua mahali pafupi, nao wakaipaka milia ya pundamilia toka puani hadi mkiani. Baba na mwana walijifunza urubani kwa ajili ya kazi hiyo. Desemba 1957 waliondoka Frankfurt, wakapita juu ya Misri na Sudan, na Januari 1958 wakafika Serengeti na kupiga kambi Banagi.

Kuhesabu kulikuwa kazi ya kuchosha macho. Waliigawa mbuga katika vipande, wakaruka chini kwa mistari iliyonyooka, mmoja ameshika usukani na wengine wanatazama kila upande, wakihesabu makundi makubwa kwa makumi. Walivalisha nyumbu na pundamilia kola za rangi kali ili waweze kuwatambua kutoka angani wakihama. Walichukua sampuli za nyasi na udongo ili kujua kwa nini makundi hupenda majani mafupi ya upande wa Ngorongoro wakati wa mvua na kuyaacha wakati wa kiangazi. Matokeo yalikuwa wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481 na pundamilia 57,199. Ramani ya uhamaji ilionyesha kwamba makundi hutumia miezi ya mvua kwenye mbuga zilezile ambazo serikali ilitaka kuziondoa hifadhini.

Namba zile zilikuwa silaha nzuri. Hakuna aliyekuwa nazo kabla yao. Hata hivyo waliofuata, wakitumia njia bora zaidi, waligundua kwamba akina Grzimek walihesabu pungufu: mwaka 1961 nyumbu waliohesabiwa walizidi laki mbili na nusu. Tutalirudia jambo hili, kwa sababu kilichowafanya nyumbu waongezeke baada ya hapo hakikumo kabisa kwenye filamu.

Wakati ndege yenye milia ikizunguka angani, chini yake siasa zilikuwa zinamalizika. Aprili 1958 wazee 12 wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye hati iliyoandaliwa na maofisa wa serikali, wakikubali kuhama Serengeti ya magharibi na kuelekea Ngorongoro na Loliondo. Kwa maboma mengi huo ndio mwanzo wa hesabu ya ahadi. Waliondoka Moru, ndani ya Serengeti, na mbuga zake kwa kuelewa kwamba Ngorongoro itabaki yao. Agosti 1959 Gavana Sir Richard Turnbull alisimama mbele ya baraza la Wamaasai na kuwathibitishia: serikali itawalinda wanyama, lakini pakitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na ya wakazi, ya wakazi yatatangulia. Maneno hayo hayakupigwa filamu. Yamebaki kwenye kumbukumbu za serikali na vinywani mwa wazee, na hadi leo hutajwa katika kila kikao cha ardhi Ngorongoro.

Michael hakuwahi kuyasikia. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akirusha ndege ile peke yake ilipogongana na tai. Ndege ikaanguka, naye akafa papo hapo. Alikuwa na umri wa miaka 24. Baba yake alimzika kwenye ukingo wa kreta, mahali ambapo mtu akisimama huona sakafu yote ya bonde, mita 600 chini yake. Juu ya kaburi uliwekwa mnara wa mawe wenye umbo la piramidi na maandishi ya Kiingereza yanayosema kwamba alitoa vyote alivyokuwa navyo, pamoja na uhai wake, kwa ajili ya wanyama wa Afrika.

Filamu ilikuwa haijakamilika. Alan Root, kijana mpiga picha aliyekulia Kenya na ambaye baadaye alikuja kuwa miongoni mwa watengenezaji mahiri wa filamu za wanyama duniani, alikuwa kati ya waliosaidia kuimaliza. Grzimek alirudi Frankfurt na mikanda ile, akaihariri katika msiba. Hilo ni vigumu kulisahau mtu anapoitazama. Ni kazi ya baba aliyepoteza mwana, na uchungu huo ulizidisha nguvu yake ya kushawishi kuliko takwimu yoyote.

Hata nyumbani ilizua mvutano. Bodi ya kupima filamu huko Wiesbaden, ambayo daraja lake liliwapa wenye sinema nafuu ya kodi, ilitaka baadhi ya maneno yaondolewe, mojawapo ikiwa ni sehemu inayoweka wanyama wa Serengeti katika daraja moja na majengo makuu ya kale ya Ulaya kama urithi wa wanadamu wote. Grzimek alikataa na magazeti yakamuunga mkono. Bodi ilirudi nyuma, na filamu ikapewa daraja la juu. Ushindi huo una uzito wake, kwani wazo lile la urithi wa wanadamu wote ndilo baadaye liliingia kwenye mikataba. Mwaka 1979 Ngorongoro iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Filamu yenyewe inaonyesha nini? Inaonyesha nyumbu wanaozaa, simba, flamingo, mitego ya nyaya ya wawindaji wa upande wa magharibi, askari wa wanyamapori wakiwakimbiza. Wamaasai wamo, wakiwa wapanda farasi wa hadithi wasio na farasi: warefu, wenye mikuki, wazuri kutazama. Kinachokosekana ni Mmaasai anayedai kitu, anayelipa kodi, mwenye baraza, mwenye barua aliyoiandikia serikali. Grzimek alikiri waziwazi kwamba Wamaasai hawawindi wanyama kwa ajili ya nyama. Hoja yake ilikuwa kwamba ng'ombe wao na wanyamapori hawawezi kugawana maji na malisho milele, na kwamba hifadhi ya taifa, ili iwe hifadhi, isiwe na watu wanaoishi ndani, hata wenyeji. Aliamini hivyo kwa dhati hadi mwisho. Aliamini pia kwamba anawatendea mema wajukuu wa Waafrika, ambao wangemshukuru siku moja.

Uhuru ulipokaribia alikuwa na hofu, kama Wazungu wengi wa hifadhi, kwamba serikali mpya zingeruhusu mauaji ya wanyama. Akakuta kinyume. Septemba 1961, kwenye mkutano wa kimataifa wa uhifadhi uliofanyika Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la wanyamapori, miaka sita kabla ya lile la ujamaa, akiahidi kwamba Tanganyika itawalinda wanyama kwa kadiri ya uwezo wake. Nyerere hakujifanya mpenzi wa kutazama mamba. Alichokiona ni mapato ya nchi isiyo na mapato. Grzimek alilielewa hilo vizuri kuliko maprofesa wengi, akageuza kampeni yake: badala ya kuwaomba Wajerumani wahurumie wanyama, akawaomba waje wawaone.

Kuna kisa alichokuwa akikisimulia mwenyewe. Kwenye kipindi chake alitangaza kwamba sasa Mjerumani wa kawaida anaweza kusafiri hadi Afrika Mashariki kwa bei anayoweza kuimudu. Safari za namna hiyo hazikuwepo. Watazamaji wakazibana kampuni za utalii kwa simu na barua, na kampuni zikalazimika kuzianzisha. Ni ujanja unaokaribia uongo, na ulifanya kazi. Wajerumani bado ni miongoni mwa wageni wanaoonekana sana kwenye barabara ya Makuyuni, Karatu na Ngorongoro.

Karatu haikuwa ngeni kwa Wajerumani. Mashamba ya kahawa ya Oldeani na vilima vya Karatu yalianzishwa na walowezi wao kati ya vita viwili vya dunia, na hata kabla ya Vita vya Kwanza ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa wamefuga ndani ya kreta yenyewe. Lakini mji wa leo, wenye hoteli kila kona, gereji za Landkruza, maduka ya matairi na vijana wanaosubiri simu ya kampuni ya safari, umejengwa na utalii ambao filamu na televisheni viliusukuma. Watoto wa wakulima wa Kiiraqw wamekuwa madereva waongozaji, wapishi wa kambi, wahudumu wa vyumba. Mtu akitaka kuona matunda halisi ya kazi ya Grzimek, aanzie hapo kabla ya kufika geti la Loduare. Ni matunda ya kweli, na ni haki kuyataja.

Fedha zilizochangwa Ujerumani zilisaidia kujenga maabara ya utafiti Serengeti kwa kumbukumbu ya Michael, na chuo cha wanyamapori cha Mweka kilichofunguliwa mwaka 1963 nacho kiliungwa mkono kutoka Frankfurt. Katika miaka hiyohiyo ya 1960 sokwe waliokuwa wakiishi kwenye bustani za Ulaya walipelekwa kisiwa cha Rubondo na kuachiwa msituni. Shirika la wanyama la Frankfurt halijaondoka Serengeti mpaka leo. Grzimek alizungumza na kila kiongozi aliyeweza kumpa hifadhi, hata Idi Amin wa Uganda, na waliomlaumu kwa hilo hakuwasikiliza. Kwake rais alikuwa mtu wa kushawishiwa, kama mtazamaji mwingine yeyote.

Kisha akaingia serikalini mwenyewe. Willy Brandt, aliyekuwa Kansela kuanzia mwishoni mwa 1969, alimteua kuwa mwakilishi wa serikali ya shirikisho katika masuala ya uhifadhi wa mazingira. Kilikuwa cheo kisicho na wizara. Kwa upande mmoja mambo yalikwenda: Oktoba 1970 ilifunguliwa hifadhi ya kwanza ya taifa nchini Ujerumani, kwenye msitu wa Bavaria, jambo alilokuwa amelipigania pamoja na wenzake kwa miaka kadhaa. Kwa upande mwingine alijikuta anaandika mapendekezo yanayolala kwenye makabati. Mwanzoni mwa 1973 alijiuzulu kwa hasira, akisema serikali haina nia ya kweli.

Alirudi kwenye silaha aliyoijua. Mwaka huohuo aliwaonyesha Wajerumani kwenye televisheni kuku wa mayai waliobanwa kwenye vizimba vya waya, na akautaja mfumo ule kwa jina la kambi za mateso za Wanazi. Wafanyabiashara wa mayai walimpeleka mahakamani. Kwa mtu aliyeanza kazi kwenye idara ya kuku na mayai ya utawala uleule wa Wanazi, lilikuwa jina lenye historia nzito, naye hakulirudisha. Kampeni zake dhidi ya makoti ya ngozi ya chui na dhidi ya uuaji wa watoto wa sili zilikwenda kwa mtindo huohuo: picha isiyosahaulika, sentensi kali, na anwani ya kuandikia malalamiko.

Huku nyuma Ngorongoro ilikuwa inakwenda njia aliyoitaka, ingawa uamuzi sasa ulikuwa wa serikali ya Watanzania. Henry Fosbrooke, mwanasosholojia wa zamani wa serikali na mhifadhi mkuu katika miaka ya mwanzo, alikuwa ameamini kwamba watu na wanyama wanaweza kukaa pamoja ikiwa serikali itakuwa mwaminifu. Lakini mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi kwenye sakafu ya kreta ziliondolewa kwa nguvu na askari. Mwaka 1975 sheria ikapiga marufuku kilimo katika eneo zima. Tangu hapo, isipokuwa katika kipindi kilichoanza miaka ya 1990 kilipofunguliwa kwa muda, mahindi ya maboma ya Ngorongoro yamekuwa yakinunuliwa kwa sehemu kubwa Karatu, na bei yake hupanda kila mvua inapokawia.

Na nyumbu? Walipanda kutoka laki mbili na ushei mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi takriban milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Sababu kubwa wanayoitaja wanasayansi ni kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukafyeka ng'ombe na kuendelea kuua ndama wa nyumbu mwaka baada ya mwaka. Sotoka ilikwisha kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka Serengeti walichanjwa. Kwa maneno mengine, ng'ombe wale ambao filamu iliwahesabu kama tishio ndio waliochomwa sindano iliyowaokoa nyumbu. Ingekuwa filamu nzuri sana, na hakuna aliyeitengeneza kwa ukubwa ule.

Wapo waliojaribu kumrudisha mtu ndani ya picha. Tepilit Ole Saitoti, Mmaasai wa Ngorongoro aliyefanya kazi ya kuongoza wageni hifadhini, alikuwa mhusika mkuu wa filamu ya National Geographic mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha akasoma Marekani na kuandika maisha yake mwenyewe kwenye kitabu. Sauti yake ilisikika, ila haikuwa na kipindi cha televisheni cha miaka 30 nyuma yake.

Grzimek alifariki Frankfurt tarehe 13 Machi 1987, akiwa sarakasini anatazama maonyesho ya chui milia. Majivu yake yaliletwa Ngorongoro na kuzikwa kando ya Michael. Magari ya wageni hupita hapo kila siku yakielekea Serengeti.

Hata baada yake filamu haikuondoka kwenye siasa za nchi. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikubali kuwa mwongozaji wa wageni mbele ya kamera za Peter Greenberg, mwandishi wa Marekani ambaye kabla ya hapo alikwishazunguka na mfalme wa Jordan, waziri mkuu wa Israel na rais wa Rwanda katika mfululizo wa Royal Tour. Safari hii mkuu wa nchi hakuwa mtu wa kushawishiwa na filamu. Alikuwa ndani yake, anaendesha gari, anasimulia. Uzinduzi ulifanyika New York tarehe 18 Aprili 2022, na siku kumi baadaye Arusha. Watalii wa kimataifa waliongezeka kutoka 922,692 mwaka 2021 hadi 1,454,920 mwaka 2022. Sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kufunguka kwa dunia baada ya Uviko, lakini wenye hoteli wa Karatu hawana shaka kwamba filamu iliwasaidia.

Miezi miwili baada ya uzinduzi wa New York, Juni 2022, malori na mabasi yalianza kubeba familia kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Rais alikuwa amekwishaeleza mwaka uliotangulia kwamba Ngorongoro inapotea kwa wingi wa watu: wakazi walikuwa takriban 8,000 mwaka 1959 na sasa walikuwa wamepita 90,000. Serikali ilisema wanaohama wanahama kwa hiari na wanapewa nyumba na ardhi. Wakazi wengi walilalamika kwamba huduma za shule na zahanati zinadhoofishwa ili hiari hiyo ipatikane. Katika siku hizohizo video za simu kutoka Loliondo, zikionyesha mapambano kati ya wananchi na askari wakati wa kuweka vigingi vya mpaka, zilienea duniani kwa saa chache. Safari hii picha zilizoisumbua serikali zilipigwa na wafugaji wenyewe, bila ndege wala studio ya Frankfurt.

Agosti 2024 serikali ilifuta kwa tangazo kata 11 na vijiji 25 vya tarafa ya Ngorongoro, hatua ambayo ingewaondolea wakazi haki ya kupiga kura mahali wanapoishi. Kuanzia tarehe 18 mwezi huo maelfu yao walijaa kwenye barabara kuu inayopita hifadhini, barabara ileile ya magari ya wageni kutoka Karatu, wakiwa na mabango na simu mikononi. Watalii walipiga picha, wafugaji walipiga picha. Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha tangazo lile tarehe 22, na siku iliyofuata Waziri William Lukuvi alifika kuwaambia kwamba vijiji vyao vitabaki na kwamba watapiga kura hapohapo.

Desemba mosi 2024 Rais Samia alikutana Arusha na viongozi wa Kimaasai. Waliyoyataja mbele yake ni yaleyale yaliyozungumzwa barazani mwaka 1959: ardhi, ahadi, na nani anatangulia. Zikaundwa tume mbili, moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi ya Ngorongoro na nyingine ya kutathmini kazi ya kuwahamisha watu, na Februari 2025 wajumbe wake wakaanza kazi.